Mume wangu alimpokonya refa kipenga. Niandike mimi barua ya radhi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nakusoma siku zote ila sikuwahi kudhani kwamba na mimi nitakaa chini nikuandikie. Nivumilie nikirefusha.

Mtoto wetu wa pili ana miaka 12. Ni beki wa kushoto kwenye timu ya mtaa wetu, kundi la chini ya miaka 13. Wanacheza Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa jirani, vumbi tupu. Sisi wazazi tunasimama pembeni kwenye mstari wa chokaa, wengine na miamvuli, wengine na viti vya plastiki walivyobeba kutoka nyumbani. Mume wangu hakosi. Hata akipangiwa safari ya kazi siku hiyo ataomba isogezwe. Na hili nataka ulijue mapema: ni baba mzuri. Hanywi, hanipigi, ada analipa kabla shule haijafunguliwa. Kanisani ni mzee wa kanisa, akisimama kuomba watu wanatulia. Ukimkuta nyumbani utasema huyu hajui hata kugomba.

Ila kipenga kikilia, simjui. "Refa kipofu!" "Refa umekula hela!" "Bahasha hiyo jamani, bahasha!" Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Sikufichi, Shangazi, na mimi nilikuwa nacheka, tena nilikuwa nambebea maji ili sauti isimkauke. Wazazi wenzetu walimbatiza jina, wanamwita VAR, kama ile video ya kumsahihisha refa. Yeye akianza, wao wanaitikia. Cha ajabu mpira wenyewe hajawahi kuucheza. Ameusomea kibanda umiza, na siku hizi kwenye mikeka yake ya kubeti ya mwisho wa wiki.

Sasa wiki mbili zilizopita refa alikuwa binti. Ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne mwaka jana, anajifunza uamuzi. Namfahamu vizuri, mama yake anauza maandazi kwenye kona ya kwetu na tunasali jumuiya moja. Alichezesha vizuri tu kwa jinsi nilivyoona, ingawa mimi mpira siujui sana.

Dakika za mwisho tuko moja moja. Wenzetu wakapata mpira wa kurusha. Mtoto wao mmoja alikuwa amesimama peke yake nyuma ya mabeki wetu, karibu kabisa na kipa. Wakamrushia, akageuka, akafunga. Binti akaonyesha katikati: goli. Mume wangu akaruka. "Ameotea! Ameotea huyo!" Pembeni kote wakaitikia. Na beki aliyeachwa pale alikuwa mtoto wetu.

Shangazi, aliingia uwanjani. Nilidhani atasimama kwenye chokaa kama siku zote, akaivuka. Akamwambia yule binti akasonge ugali, kwamba kazi hii nani kamwambia ni ya wanawake. Akamwambia na maneno mengine juu yake na kocha wa wenzetu ambayo siwezi kuyaandika, na yule ni mtoto. Binti hakumjibu, akaweka kipenga mdomoni apulize. Mume wangu akakivuta. Kilikuwa na kamba shingoni. Kamba ikakatika, yeye akakitupa mtaroni. Binti alibaki na mchubuko shingoni, upande mmoja, mrefu hivi. Hakulia. Aliokota kadi zake zilizoanguka, akatoka, akaenda zake kwa miguu akiwa na jezi ileile ya urefa. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi.

Mtu alirekodi. Video imezunguka kwenye magrupu ya mtaa na ya jumuiya.

Kamati ya ligi imetuandikia. Timu yetu haichezi mpaka mume wangu aandike barua ya kumwomba radhi refa, na yeye mwenyewe asionekane uwanjani msimu mzima. Barua isipofika kabla ya kikao cha Jumatatu ijayo, timu inatolewa. Ni watoto 17. Wazazi wao, walewale waliokuwa wanamwita VAR, sasa wananipigia mimi simu usiku.

Mume wangu amekataa. Anasema, "Mimi nikamwombe radhi mtoto wa kumzaa? Radhi anaomba mdogo kwa mkubwa." Tangu siku hiyo hatulizungumzi. Mjomba wa yule binti naye anasema ataenda kituo cha polisi kuchukua RB, afungue kesi.

Na kinachoniumiza kuliko vyote ni mwanangu. Nilitegemea aone aibu. Yeye anamtetea baba yake. Juzi mezani alisema, "Baba alikuwa sahihi, yule aliotea, marefa wa kike hawajui sheria." Dada yake wa miaka 9 alikuwa amekaa palepale, anakula. Nilinyanyuka nikachukua njumu zake nikazificha juu ya kabati.

Nimefikiria hivi. Niiandike barua mimi, kimyakimya, niweke jina la mume wangu na saini yake. Saini yake naiweza. Niambatishe na bahasha ya shilingi 50,000 kwa mama yake binti, yaishe, watoto wacheze. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama wa Jezi Namba 3, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo barua usiiandike. Na bahasha ya 50,000 irudishe ulikoitoa.

Kuiga saini ya mtu ni kughushi, hata kama ni ya mume wako na hata kama una nia ya malaika. Tena Tabata si kubwa kiasi hicho. Siku mumeo atakapokutana na mwenyekiti wa kamati kwa muuza kahawa, akapewa mkono na kuambiwa "asante kwa barua yako nzuri", utakuwa na kesi mbili nyumbani badala ya moja. Lakini tuseme hakuna atakayejua. Bado ningekukataza.

Lugha yetu imetupa maneno mawili, nasi tunayachanganya. Kuna pole na kuna radhi. Pole inabebeka. Mtu amefiwa Mbeya, uko Dar, unamtuma shemeji yako, "nifikishie pole zangu", na pole inafika. Radhi haitumwi namna hiyo. Yule binti akipokea barua yako atasoma jina la mtu aliyemvuta shingo. Jumamosi atakutana naye njiani na yule mtu atamkazia macho kama asiyedaiwa kitu. Atajua ameandikiwa na nani. Wasichana wa miaka 17 wanajua mwandiko wa mama.

Pole yako, hiyo unayo na umechelewa nayo wiki mbili. Nenda leo. Nunua maandazi kama kawaida, mwulize mama yake kama binti yupo, ukimwona mwambie pole mwanangu, nilikuwepo, niliona, sikukufuata na nilipaswa kukufuata. Basi. Usimtetee mumeo hapo, wala usimseme vibaya. Usimwombe amsamehe. Na usiitaje timu hata kidogo. Ukimtajia watoto 17 umemwekea mzigo wao mabegani, na yeye ndiye aliyeumizwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hakuna pale uwanjani aliyekuwa analijua. Goli lilikuwa halali. Sheria ya 11 ya mpira wa miguu inasema mchezaji hahesabiwi kuotea akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha. Wala kwenye kona, wala kwenye goli kiki. Yule mtoto angeweza kuwa amemlalia kipa begani na bado goli likawa goli. Uwanja mzima wa watu wazima, kila mmoja na simu yenye intaneti mfukoni, na anayeijua sheria ni mmoja tu: yule aliyepokonywa kipenga.

Hili usianze kumwambia mumeo. Atasikia kwamba unamkosoa mpira na mtakesha mkibishana habari za kuotea. Mwambie mwanao. Leo usiku, mkikaa mezani, na dada yake awepo. Waambie waitafute sheria wenyewe, waisome kwa sauti. Amesema marefa wa kike hawajui sheria, basi aone nani alikuwa haijui. Nakuhakikishia beki mwenye miaka 12 akigundua kwamba hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, atafurahi kwa ajili ya mpira wenyewe. Mechi ijayo hatamwacha mtu nyuma yake.

Lakini isiishie hapo, maana kuna hatari mtoto akaelewa kwamba kosa la baba lilikuwa kutojua sheria, na kwamba siku refa akikosea kweli, ruksa kumvaa. Marefa watakosea. Yule binti alikuwa peke yake, bila wasaidizi wenye vibendera, anakimbiza watoto 22 kwenye vumbi, anatazama mguu, mkono na mstari kwa wakati mmoja. Ligi za Ulaya zina VAR halisi, chumba kizima cha watu wenye televisheni, na kila Jumatatu dunia inagombana. Mwanao naye siku ile aliachwa na mshambuliaji akiwa amesinzia. Kuna mzazi aliyeingia uwanjani kumvua njumu?

Kuhusu mumeo. Umeniandikia neno moja kwa kupita tu, kibanda umiza, na mimi limenikaa. Nimewahi kwenda, nilisindikiza mdogo wangu fainali moja. Mle ndani refa anatukanwa na kila mtu, na ni raha yake, sitadanganya, nilitukana na mimi. Refa yuko London au Cairo, hasikii. Ni kama kugombana na mvua. Mumeo amejifunzia mpira mahali ambapo refa ni picha. Tena ana mkeka, kwa hiyo refa akikosea anakuwa amemchania pesa. Halafu Jumamosi analeta mdomo uleule kwenye uwanja wa shule, kwa mtu aliye hatua kumi kutoka alipo, mwenye masikio, ambaye mama yake anawauzia maandazi. Sisemi hivi kumpa udhuru. Nasema ili ujue unazungumza na nani: si mtu mkatili, ni mtu aliyezoea vibaya mbele ya watu waliompigia makofi.

Na hapo tufike kwako, mwanangu, kwa upendo. Ulikuwa unambebea maji. Wenzako walimpa jina. Mtu mzima akiitwa VAR na watu wakacheka, wiki ijayo atatafuta cha kuchekesha zaidi, na ile wiki ya tatu chokaa inakuwa haionekani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, nikichezesha netiboli kila msimu wa UMITASHUMTA. Siku moja mama mmoja alisimama nyuma ya goli akawa ananihesabia kwa sauti, "moja, mbili, tatu", maana netiboli mpira hauruhusiwi kukaa mkononi zaidi ya sekunde tatu. Alikuwa anahesabu haraka kama anayeuza mnadani, na kundi lake linacheka. Mpaka robo ya tatu lilikuwa linahesabu kundi zima. Robo ya nne mwamvuli ulirushwa. Haukurushwa na yule mama. Aliyerusha alikuwa bibi mmoja mtulivu ambaye mpaka leo nikimkumbuka nashangaa. Ndiyo maana wazazi wanaokupigia simu usiku usiwapokee kwa unyonge. Waambie na wao waliitikia "ameotea", kwa hiyo na wao wana pole ya kupeleka kwa muuza maandazi.

"Radhi anaomba mdogo kwa mkubwa." Nimelifikiria sana hili, kwa sababu hajalitunga, tumelelewa nalo wote. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia baba yangu akimwomba mtoto radhi. Akikosea alikuwa ananunua nyama. Tulielewa, tukala. Lakini muulize mumeo, akisimamishwa na askari wa barabarani wa miaka 23 pale Buguruni anamwitaje? Anamwita afande. Anashusha kioo, anatoa leseni, anasema "naam afande", kwa kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa kaka yake. Na kanisani kwenu akija mchungaji kijana, si wazee wote husimama akiingia? Kwa hiyo anajua, anajua vizuri kabisa, kwamba kuna mavazi yanayomwongezea mtu umri. Kipenga ni mojawapo. Katika zile dakika yule binti alikuwa ndiye mkubwa wa uwanja ule. Akitoka nje ya chokaa atakuamkia shikamoo kama kawaida.

Nadhani kinachomkwama si umri peke yake. Ni binti. Angekuwa mwanamume wa miaka 40 mwenye mabega, ingeishia "refa kipofu". Mkumbushe, ikija nafasi, kwamba mechi ya Simba na Yanga, ambayo wanaume wenye mabega wanaiogopa, imewahi kuchezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwanamke wa Kitanzania. Na kwamba tarehe 18 Januari 2022, Zimbabwe na Guinea walipokutana Kombe la Mataifa ya Afrika, aliyekuwa na kipenga katikati ni Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi kwenye fainali hizo za wanaume. Mwaka huohuo alikwenda Kombe la Dunia Qatar akiwa mmoja wa marefa watatu wanawake walioteuliwa. Na wao walianza kwa kuchezesha mechi ndogo ambazo hakuna aliyezitangaza. Binti yako wa miaka 9, aliyekuwa anakula kimya, anasikiliza haya yote na hasemi.

Kuna kisa kimoja sipendi kukisimulia, ila mumeo anastahili kukijua. Uholanzi, mji wa Almere, Desemba 2012. Mechi ya vijana. Mshika kibendera alikuwa baba wa miaka 41 aliyejitolea, mtoto wake akicheza kwenye mojawapo ya timu hizo. Baada ya mechi, watu wa timu pinzani walimvamia kwa maamuzi yake, wakampiga mateke. Kesho yake akafa. Wikiendi iliyofuata mpira wa ridhaa nchi nzima ulisimamishwa. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita na baba mmoja aliyekuwa na mtoto kwenye ile timu pinzani. Yule baba alihukumiwa miaka sita gerezani. Alikuwa na umri wa miaka 50, mtu mzima, mzazi wa pembeni kama mumeo. Sisemi mumeo angeua. Nasema hakuna kati ya wale aliyeamka asubuhi akipanga kuua.

RB. Usithubutu kwenda kumbembeleza mjomba wa binti aache. Kumvuta mtu kamba ya shingoni mpaka akachubuka ni shambulio kisheria, sio "mambo ya mpira", na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Familia yake ina haki ya kwenda kituoni na kupewa PF3, ile fomu ya polisi, akatibiwe. Wakienda, mumeo ataitika kama mwanamume. Wasipoenda, iwe kwa uamuzi wao. Ndiyo maana nimekataa bahasha: shilingi 50,000 ikiingia kwa muuza maandazi wakati mjomba anataja RB, hata iwe ya huruma kiasi gani, inanuka kununua mdomo. Mumeo aliyepiga kelele za bahasha mwaka mzima atakuwa ametoa yake. Kitu pekee mnachodaiwa kwa fedha ni kipenga na kamba yake, na akanunue mwenyewe.

Sasa unampataje mpaka afike huko. Wewe peke yako usiku hutamweza, na barua ya kamati imeshamfanya anyanyue mabega. Mna wasimamizi wenu wa ndoa, sivyo? Yule mwanamume aliyesimama kando yake siku ya harusi. Mpigie leo, mweleze kila kitu kama ulivyonieleza, na la saini pia usilifiche. Mwombe aje, wakae wawili nje, wewe usiwepo. Aje na ile video, na aiwashe na sauti. Mumeo nina hakika hajaitazama. Ameiona kichwani mwake, na kichwani mwake yeye ni baba anayemtetea mwanawe. Aione mara moja, mbele ya mtu anayemheshimu, kisha wakae kimya kadiri itakavyohitajika. Baadaye msimamizi huyohuyo awaombe viongozi wa magrupu waifute. Yule ni mtoto, na kila anayeisambaza anamvuta tena ile kamba.

Akikubali, barua aiandike kwa mkono wake na iseme vitu kwa majina yake. Tumezoea radhi za wanasiasa: "naomba radhi kwa yeyote niliyemkwaza", "kama nilimkosea mtu, ni hasira za mpira". Hiyo "kama" itoke. Iwe hivi, kwa maneno yake: Jumamosi ile niliingia uwanjani. Nilikutukana, na maneno niliyosema juu yako na kocha yalikuwa uongo. Nilikuvuta shingoni nikatupa kipenga chako. Goli lilikuwa halali, na hata lisingekuwa halali sikuwa na haki hiyo. Karatasi nusu inatosha. Asitaje watoto 17, asitaje kwamba ni mzee wa kanisa.

Akienda kuonana na binti, asiende peke yake hata kwa dakika moja. Wazazi wake wawepo, msimamizi wenu awepo. Binti akisema hataki kumwona, barua ipokelewe na baba yake na mambo yaishie mlangoni, hana deni la kumsamehe mtu. Halafu iko sehemu ya pili ambayo kamati haikuiomba, naiomba mimi. Alimtukana hadharani, kwa hiyo radhi ya nyumbani ni nusu. Kamati imruhusu kwa dakika mbili tu, siku timu itakaporudi, asimame kwenye chokaa kabla ya mechi, aseme mbele ya wazazi walewale na mbele ya mwanawe, kisha aondoke aende nyumbani. Hapo ndipo mtoto wako ataacha kusema "Baba alikuwa sahihi". Kwa mahubiri yako ya mezani hataacha.

Kamati nayo nina neno nayo. Kuwaadhibu watoto 17 kwa mdomo wa baba mmoja hakunipendezi. Lakini naelewa walikofikia. Tangu 2019 refa anaweza kumwonyesha kadi hata kocha kwenye benchi, ila mzazi wa pembeni hana kadi. Refa anachoweza ni kusimamisha mechi au kuivunja. Hata Uingereza mwaka 2023 walianza kukata pointi timu za ridhaa zenye utovu wa nidhamu unaojirudia, na wakaanza kuwafunga baadhi ya marefa wao kamera ndogo kifuani, wakianzia Middlesbrough. Sisi kamera tunazo mifukoni, tatizo tunazitumia kuchekea. Kamati ingenunua kamba, ikaifunga mita mbili nyuma ya chokaa, ikaweka mtu mzima mmoja mwenye kitambaa mkononi ambaye kazi yake ni wazazi tu. Na ingewezekanaje msichana wa miaka 17 akaachwa arudi nyumbani kwa miguu baada ya lile? Nani alimpangia mechi na hakuwepo? Waulize hilo kikaoni. Una haki ya kuuliza, timu ni ya mtoto wako.

Mumeo akikataa hata kwa msimamizi, usimfunike. Kabla ya Jumatatu mwambie kocha ukweli kwamba barua haipo, ili aende kikaoni kuwaombea watoto watenganishwe na baba. Wakiruhusiwa kucheza, Jumamosi mpeleke mwanao wewe. Mtu akianza "refa kipofu", sogea ukasimame mbali naye, na maji mpe mtoto.

Umeuliza kwa njia ya mzunguko kama mtoto aache mpira, maana umezificha njumu. Zishushe. Zikikaa juu ya kabati kwenye joto hili zitakauka ngozi na kupasuka, na beki wa kushoto ana mechi ya kusubiri.

Shangazi